Asumini za Mke wa Akida

Mwanasiti binti Abbasi aligundua uharibifu huo muda mfupi baada ya sala ya alasiri, siku ya Jumatano, katika mwezi wa Shaabani wa mwaka ule ambao vita vya maji viliwaka Umatumbini na kuteremka hadi mabonde ya Rufiji. Alitoka uani na sinia ya shaba, kama alivyotoka kila siku saa hiyo, kwa kuwa asumini huchumwa ikingali tumba. Ikiachwa ifunuke usiku mtini, kufikia asubuhi imekwisha nguvu. Siku hiyo hapakuwa na tumba la kuchuma. Miasumini yote ilikuwa imelala chini. Miwaridi ilikuwa imelala juu yake, na mirehani ya ukingoni ilikuwa imefyekwa kama nyasi za njiani.

Hakupiga yowe. Aliweka sinia chini, akakaa kando yake. Bustani ile alikuwa ameipigania miaka mingi dhidi ya maadui ambao hakuna aliyewatungia nyimbo: mchwa waliopanda kutoka chini, mbuzi wa jirani waliopenya uani, kuku waliochimbua miche, na mto ambao wakati wa kiangazi maji yake yaliingia chumvi kila bahari ilipojaa. Alikuwa ameshinda kwa majivu, kwa miiba na kwa subira. Ushindi wenyewe ulikuwa maua machache ya jioni, aliyoyagawa kwa majirani na kuyabandika mwenyewe vifuani mwao. Yeyote anayeona jambo hilo ni dogo hajapata kulea mche mmoja ukafa.

Aliyepiga yowe ni mumewe, Akida Sadala. Yeye ndiye aliyekusanya kodi ya Wadachi katika kitongoji kile, nje kidogo ya Mohoro, na tangu vita vianze alilala na bunduki ubavuni na kula akitazama mlango.

"Wameng'oa!" alisema. "Kule Umatumbini walianza kwa kung'oa pamba ya Serikali. Huku wameanza na maua yangu. Hii ni ilani ya vita!"

Mmatumbi mmoja alikuwa karibu, naye akatosha. Mwinyimvua, mtu wa makamo aliyechota maji ya bustani ile, alikuwa ndiyo kwanza anaingia uani na mzega begani, mitungi miwili ikining'inia. Alishushwa mzega, akafungwa kwenye nguzo ya ghala. Siku ya Ijumaa askari wa doria wangepita kuelekea Mohoro, na Akida angewakabidhi mtu wake. Mwaka ule, mtu aliyekabidhiwa hakurudi, na waliompeleka hawakuulizwa.

Mwanasiti aliomba jambo moja tu.

"Mwite Mwalimu Muhidini atazame kwanza. Huyo ni mtu wangu. Usimtoe kabla Mwalimu hajasema neno."

Mwalimu Muhidini alifika Alhamisi asubuhi, akijikongoja. Alikuwa akimsaidia kadhi katika mashauri ya ndoa na mirathi, kazi ambayo wakati wa amani humchosha mtu na wakati wa vita humkausha. Kwa miezi kadhaa wanawake walikuwa wakimjia na swali moja: je, mimi ni mke au mjane? Waume zao walikuwa wamekwenda mahali ambapo hakuna shahidi aliyekubali kwamba amepata kufika. Mwalimu hakuwa na jibu, na alikuwa amechoka kulitafuta. Kuhusu maji yanayogeuza risasi kuwa matone hakuwa na imani. Kuhusu Serikali iliyodai kuleta utulivu hakuwa na imani pia. Aliamini macho yake, nayo yalikuwa yameanza kuingia ukungu.

Alichuchumaa penye kitalu, akapapasa ardhi, kisha akamwita Akida.

"Ulisema wameng'oa."

"Nimesema, na ninasema tena."

"Nionyeshe mzizi mmoja uliotazama juu."

Akida alitazama. Hakukuwa na mzizi.

"Miti hii imekatwa, Akida. Kila shina limekatwa mkato mmoja, mshazari, juu kidogo ya ardhi. Na hiki kilichorundikwa kwenye mashina ni majivu. Mwanasiti, ni wewe uliyeyatia?"

Mwanasiti alikuwa amesimama nyuma yao. "Si mimi. Siku hizi majivu ninayatia pembezoni tu."

"Basi aliyekata ndiye aliyetia, mchwa wasiingie kwenye kidonda. Aliyeanzisha vita Umatumbini hakuitibu pamba baada ya kuing'oa."

"Kung'oa, kukata, tofauti yake nini?" Akida alifoka. "Maua hayapo!"

"Tofauti yake ni mvua za vuli. Kilichong'olewa hakirudi. Hiki kitachipua." Mwalimu alinyosha kidole upande wa pili wa kitalu. "Na hayo je?"

Upande ule kulikuwa na maua mekundu, mazito, yaliyojikunja mfano wa kilemba cha jogoo. Yalikuwa yamesimama kama yalivyopandwa. Hakuna jani lililoguswa.

"Hayo hayana harufu," alisema Mwanasiti. "Nimeyapanda kwa ajili ya macho tu."

Mwalimu alikwenda kwenye mitungi iliyokuwa ingali na mzega wake. Alichota kwa kifuu, akaonja.

"Mitungi hii ilijazwa lini?"

"Jana," alijibu Mwanasiti. "Asubuhi niliikausha mwenyewe nikimwagilia. Baada ya adhuhuri Mwinyimvua akaichukua. Nilimwona akitoka, na miche ilikuwa mizima. Kisha nikalala, kama watu wote wanavyolala saa ile."

"Na jana mchana mto ulikuwa umejaa?"

"Ulijaa hadi ngazi za gatini. Chumvi tupu."

"Maji haya ni matamu. Maana yake alipita mashamba ya mpunga, akapanda hadi kwenye kidimbwi cha juu, akarudi na mzigo. Safari hiyo humaliza mchana wote. Angebaki hapa kukata, angechota gatini, nasi tungeonja bahari."

Mwinyimvua, pale nguzoni, aliinua kichwa. "Mwalimu, nilisema hivyo jana. Waliniuliza kabila, hawakuniuliza nilichota wapi."

"Nyamaza wewe!" Akida alimgeukia, kisha akamrudia Mwalimu kwa sauti ya chini. "Labda si yeye. Ni wenzake. Kesho doria inapita, nami nimekwisha kupeleka habari kwamba nina mtu. Nikisema sina mtu, watauliza kwa nini niliwasumbua. Niletee jina, Mwalimu. Bila jina, huyu anakwenda."

Hayo yalikuwa mashauri ya Serikali kwa ufupi. Mwalimu Muhidini hakushangaa. Alifuta vumbi magotini, akaenda kutafuta jina.

Jina la kwanza lilikuwa midomoni mwa mtaa mzima. Tatu, mke mdogo wa Akida, alikaa nyumba ya pili, ua ukiwa umegawanywa kwa makuti. Alimpokea Mwalimu huku akichambua mchele, wala hakuuweka ungo chini.

"Karibu, Mwalimu. Nimekungoja tangu jana. Niliwaambia, uhalifu ukitokea kwa mke mkubwa, mke mdogo afue kanga yake ya kwendea kizuizini."

"Ulikuwa wapi jana mchana, bibie?"

"Hapa, nimelala, na mtoto ana homa. Shahidi wangu ni mbu." Alitupa punje mbovu. "Mwalimu, mimi nikitaka kumkata Mwanasiti, sitaanzia kwenye maua."

"Hukuyapenda."

"Nani kasema? Kila jioni aliniletea sinia, kunionyesha kwamba yeye ndiye mwenye nyumba na mimi ni mgeni wa kuhudumiwa. Nikayavaa. Maua hayana kosa. Na wiki ijayo binti yake anaolewa, nami nilikuwa nivae ya kichwani na ya kifuani. Sasa nitakwenda harusini ninanuka mafuta ya nazi kama kitumbua. Nani amepata hasara, mimi au yeye?"

Mwalimu alikiri moyoni kwamba hoja ilikuwa na uzito.

"Kuna aliyeyakataa maua hayo?"

"Nani akatae? Amkatae mke wa Akida mwaka huu?" Tatu aliupepeta ungo, akasita. "Hakukataa mtu. Ila shoga yake mwenyewe, Zabibu wa nyumba ya jirani, siku hizi ana maneno. Kwanza alisema kichwa kinamuuma, asibandikwe, atavaa baadaye. Halafu akasema ana mafua, harufu inamsumbua. Mwenye mafua anasikia harufu gani, Mwalimu? Nikacheka peke yangu."

"Ni Zabibu anayetunga vikuba vya asumini vya bibi harusi?"

"Mkono wake ndio mwepesi kuliko wote hapa. Alikuwa aanze Ijumaa, wamkalishe uani na masinia, avishwe, watu waimbe. Sasa atatunga nini? Majani ya muhogo?"

Mwalimu alimshukuru. Tatu alimsindikiza kwa macho tu.

"Mwambie mume wetu," alisema nyuma yake, "nikinyongwa, mchele huu haujapikwa."

Njiani Mwalimu alisimama penye kivuli, akayapanga mambo kwa taratibu, kama mtu apangaye kuni mbichi. Aliyekata hakuwa na chuki na miti, kwa kuwa aliitibu. Hakuichukia bustani, kwa kuwa aliacha nusu yake. Alichokiondoa ni harufu. Alikiondoa kabla ya Ijumaa, wala hakutaka iondoke daima. Alitaka iondoke kwa msimu. Ni nani, katika kitongoji cha Waislamu, ambaye harufu nzuri ni haramu kwake kwa msimu? Swali hilo Mwalimu aliulizwa karibu kila wiki kwa upande wake wa pili: mke au mjane? Hakupenda jibu lake.

Mume wa Zabibu, Mfaume, alikuwa mfanyabiashara wa mikeka. Ilijulikana kwamba alikwenda Kilwa kuuza mikeka mwishoni mwa msimu wa mavuno. Mkewe alisema hivyo, na hakuna aliyekuwa na sababu ya kuuliza zaidi, au aliyekuwa nayo hakuuliza.

Mwalimu alirudi kwa Mwanasiti. Hakuwa na ruhusa ya adabu kuingia peke yake kwa mwanamke ambaye mumewe hayupo.

"Umebakiwa na asumini yoyote?"

Mwanasiti alikuwa nazo. Jana jioni alikuwa ameokota vitawi vilivyokatwa, akavisimamisha ndani ya chungu cha maji, kwa tumaini lile la wapanda maua kwamba labda kimoja kitatoa mizizi. Matumba yalikuwa yamefunuka usiku, yamelegea, lakini yalinukia.

"Funga kikuba kimoja. Kisha twende kwa Zabibu."

"Kwa Zabibu kuna nini?"

"Ningependa kuwa nimekosea," alijibu Mwalimu.

Zabibu aliwakaribisha, akawatandikia mkeka. Alikuwa mwanamke wa umri wa Mwanasiti, amevaa kaniki nyeusi. Macho yake hayakuwa na wanja, na mikononi hapakuwa na bangili wala alama ya hina. Ndani ya nyumba hapakunukia udi wala chochote. Watoto wake wawili walikuwa wakicheza nyuma ya nyumba. Sauti zao zilisikika.

"Pole kwa bustani, shoga," alisema Zabibu bila kumtazama Mwanasiti. "Nimesikia."

"Nimekuletea kilichosalia." Mwanasiti alifungua kitambaa. "Mwalimu amesema nikuletee."

"Kivae, mwanangu," alisema Mwalimu. "Mbele yetu."

Zabibu alikipokea kikuba kwa mikono miwili. Alikitazama muda mrefu. Mwanasiti alimtazama yeye, kwanza kwa mshangao, kisha kwa subira, kisha kwa namna nyingine. Hatimaye Zabibu alikiweka mkekani, polepole, akakisogeza mbali na goti lake.

"Siwezi," alisema.

"Mfaume alifariki wapi?" aliuliza Mwalimu.

Zabibu alitega sikio kwanza, kuhakikisha watoto wangali nje.

"Karibu na Samanga," alisema Zabibu. "Alikwenda na mikeka kweli, Mwalimu. Sikudanganya. Alipofika, wenyeji wakamwambia aliyekunywa maji yuko nao, na asiyekunywa yuko na Wadachi. Akanywa. Wakaenda mbele ya bunduki. Aliyemzika alipita hapa, akaniambia, akaenda zake. Jina lake sitalisema."

"Sikuuliza."

"Sikumwosha. Sikumkafini. Hitima siwezi kuisoma, kwa sababu watauliza hitima ya nani. Kilio siwezi kulia, kwa sababu watauliza unamlilia nani. Nyumba za waliokwenda kule zinachomwa, na wake zao wanapelekwa kubeba mizigo. Kimebaki kitu kimoja tu ninachoweza kumfanyia mume wangu. Nikae eda yake. Nisijipambe, nisijitie manukato, mpaka siku zake zitimie. Hilo nalo kila jioni linanijia kwenye sinia."

"Ungeniambia," alisema Mwanasiti.

"Nikuambie wewe? Mke wa Akida?"

Mwanasiti alikisogeza kikuba upande wake.

"Siku za kawaida nilipokea, ulipogeuka nikayatia kwenye majani. Lakini Ijumaa mngenikalisha uani, mkanivisha, mkanipaka marashi, nikatunga huku mnaimba. Ningekataa kwa ugonjwa gani? Nimemaliza magonjwa yote. Nikachukua kisu cha jikoni mlipolala. Nikasema nikate tu, nisiue. Nikatia majivu. Yale mekundu nikayaacha, hayakunidhuru."

"Na Mwinyimvua?" Sauti ya Mwanasiti ilikuwa imebadilika. "Amefungwa tangu jana kwenye nguzo, unamwona kwa dirisha hilo. Ulikuwa unangoja nini? Anyongwe ndiyo useme?"

"Nilidhani mtasema mbuzi."

"Mbuzi anatia majivu?"

"Nilidhani mtasema mbuzi!" Zabibu alirudia. "Walipomfunga nikaona nikisema, watoto wangu... nikasema jioni. Usiku nikasema kesho. Asubuhi nikasema mchana. Sina la kujitetea. Mwalimu, nenda kaseme."

Mwalimu Muhidini alikuwa na jina alilotumwa kulitafuta, na alijua bei yake pande zote mbili. Akilitaja na sababu yake, nyumba hii ingewaka moto kabla ya magharibi. Asipolitaja, mtu angepelekwa kamba shingoni kwa kosa la kuzaliwa Umatumbini. Alitamani sana kulala.

"Nitasema ni wewe uliyekata," alisema hatimaye. "Hiyo ni kweli. Atauliza sababu. Kusema uongo sitaweza. Nimezeeka mno kuanza, na sina kumbukumbu ya kuutunza."

Macho ya wote wawili, ya mjane na ya mzee, yalimwendea Mwanasiti. Hapo ndipo shauri lilipofikia, na hakuna sheria iliyomwelekeza aamue vipi. Alikikunja kile kitambaa mara mbili, akakikunjua.

"Nilianza bustani ile na vitawi kutoka kwa mama, Kisiju," alisema. "Vilikuja vimefungwa kwenye gunia lililoloweshwa. Wewe unajua. Ulinisaidia kuchimba."

"Ninajua."

"Ningeweza kukuua kwa mikono yangu, Zabibu."

"Ninajua."

Mwanasiti alisimama, akajifunga kanga kiunoni kwa nguvu. "Mwalimu, tangulia kwa mume wangu. Sema ulichonacho. Akiuliza sababu, nyamaza. Usiseme uongo, nyamaza tu, na umwambie asikilize."

Akida alikuwa barazani akisafisha bunduki ambayo ilikuwa safi.

"Jina?" aliuliza.

"Zabibu, jirani yako. Kwa kisu cha jikoni, jana mchana. Amekiri mbele yangu na mbele ya mkeo. Mmatumbi hakuhusika, wala hapakuwa na vita."

"Zabibu!" Akida aliinuka nusu. "Yule anayeshinda hapa? Kwa sababu gani?"

Mwalimu alinyamaza. Kisha akainua kidole kuelekea ua wa Zabibu.

Kule kulikuwa kumepasuka ugomvi.

"Mwanamke huna haya!" ilisikika sauti ya Mwanasiti, kali, ikivuka makuti yote ya mtaa. "Umekula kwangu, umelala kwangu, halafu unakuja na kisu! Umeona binti yangu anaolewa roho ikakuuma! Harusini usikanyage! Vikuba vyangu usiviguse! Ua langu usivuke mpaka nikuite, na sitakuita leo wala mfungo mosi! Na yeyote atakayempelekea huyu ua, hata moja, hata lililokufa, basi na yeye si mwenzangu!"

Madirisha yalifunguka. Upande wa pili wa ua Tatu alisikika akisema kwa raha, "Nilisema mimi! Nilisema!"

Akida alisikiliza. Uso wake, uliokuwa umekaza tangu jana, ulilegea kwa dharau, na dharau ilikuwa nafuu kwake.

"Wivu," alisema. "Wanawake na wivu wao. Nami nimekwisha kupeleka habari bomani!"

"Doria ikifika," alisema Mwalimu, "unaweza kuwaeleza kwamba ilani ya vita ilikuwa ugomvi wa harusi. Au unaweza kuwaeleza kwamba ulikuwa na mtu, ukamchunguza, ukamwona hana kosa. La pili halichekeshi."

Akida alifikiri kwa muda mfupi tu. Kisha akaamuru kamba zikatwe. Mwinyimvua alisugua vifundo vya mikono, akamtazama Mwalimu kana kwamba angesema jambo, akaona ni afadhali aondoke kabla mtu hajabadilisha nia.

Mwalimu naye alishika njia. Ilimbidi apite kando ya ua wa Zabibu, na pale, kati ya makuti, aliona yale ambayo mtaa uliyasikia tu. Mwanasiti alikuwa amesimama, mikono kiunoni, akimmwagia jirani yake matusi ya ukoo na ya nguoni. Zabibu alikuwa amekaa chini, miguu ameinyosha, analia. Hakulia kwa kujizuia. Alilia kwa sauti yote, kichwa nyuma, kama wanavyolia wanawake mbele ya jeneza, na hakuna mpita njia aliyeshangaa, kwa kuwa kila mmoja alisikia jinsi anavyotukanwa.

Mwalimu Muhidini aliinamisha kichwa, akasoma Fatiha kimoyomoyo kwa ajili ya muuza mikeka asiyekuwa na kaburi linalojulikana. Alipomaliza, kilio kilikuwa kingali kinaendelea. Mwanasiti alikuwa amekaukiwa koo, amenyamaza apate kupumua. Alipoona kichwa cha mtu kikichungulia juu ya makuti, alitafuta tusi jingine.